Kijidudu Kiotacho Mkia: Sura Moja ya Historia ya Homa katika Mrima

Mtu asafiriye kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini hupita Kunduchi na Bunju, huvuka mto Mpiji, na baada ya mwendo wa kilomita 70 hivi huingia Bagamoyo. Upande wake wa kulia ni bahari na mikoko; upande wa kushoto ni minazi, mikorosho na mabonde ambayo hujaa maji wakati wa masika. Nchi hii wazee waliiita Mrima. Historia yake imeandikwa mara nyingi, na waandishi wake hutaja pembe za ndovu, biashara ya watumwa, misafara ya wapagazi, wamisionari, na dola za kigeni zilizokuja zikapita. Ni wachache waliomtaja mshiriki mmoja wa mambo hayo yote, ambaye hakuonekana kwa macho, lakini aliwaangusha wapagazi na mabwana wao bila ya kubagua. Mshiriki huyo ni kijidudu cha malaria.

Nia yangu katika makala haya si kusimulia habari zote za malaria, maana habari hizo ni ndefu mno. Nataka kuchukua tendo moja tu la kijidudu hicho, tendo linalotimia kwa muda wa robo saa, na kuonyesha jinsi lilivyowashinda wenye elimu kwa miaka mingi, na jinsi lilivyoingia katika historia ya pwani yetu. Tendo lenyewe ni hili: kiumbe cha seli moja, ambacho ndani ya damu ya mtu huishi maisha yanayofanana na ya amiba, hugeuka ghafla kikatoa nyuzi ziogeleazo. Asiyelijua tendo hilo aweza kumtibu mgonjwa akapona; lakini hawezi kueleza kwa nini ugonjwa wenyewe haukwishi kijijini.

Kwanza tuangalie jinsi homa ilivyojulikana kabla ya hadubini. Waswahili walikuwa na neno mkunguru, maana yake homa impatayo mgeni kabla hajaizoea nchi. Neno hilo lina maarifa ndani yake. Linatambua kwamba mwenyeji na mgeni hawaugui sawasawa, na kwamba mwili wa mtu hujifunza mahali unapokaa. Leo twajua kwamba mtoto wa pwani aliyeumwa na mbu tangu utotoni, akanusurika, hupata kinga ya namna fulani. Homa haimlazi tena kama imlazavyo mgeni, ingawa vijidudu vyaweza kuwamo katika damu yake. Twajua pia kwamba akikaa mbali miaka mingi kinga hiyo hupungua, naye akirudi huweza kuugua kama mgeni. Lakini neno mkunguru lilitaja mahali na mtu. Halikutaja kitu cha tatu kilichowaunganisha.

Wageni nao walikuwa na mawazo yao. Neno malaria limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Kwani kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba homa hutoka katika mvuke wa matope na majani yaliyooza. Richard Burton na John Speke waliianza safari yao ya kwenda maziwa makuu kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, na mwezi wa Februari 1859 waliifikia bahari tena huko Kunduchi. Katika safari hiyo homa iliwashika wote wawili mara kwa mara, na kwa muda mrefu Burton hakuweza kwenda kwa miguu yake, akawa hana budi kubebwa. Na ajabu ni kwamba Burton alikuwa amekwisha kuandika, katika kitabu chake cha mwaka 1856 juu ya safari yake ya nchi ya Wasomali, kwamba watu wa huko walisema kuumwa na mbu huleta homa za kufisha. Aliyahesabu maneno hayo kuwa itikadi tu, akaeleza kwamba huenda yametokana na mbu na homa kuzidi katika majira yale yale. Basi jibu alilisikia, akaliandika kwa mkono wake, akaliacha. Kisha akaja Mrima akauguzwa na jambo lile lile alilolidharau.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Makaburi yao yaliyoko huko hata leo yanashuhudia kwamba wengi walikufa wakiwa vijana, kwa homa na maradhi mengine ya nchi. Kwinini ilikuwapo, nayo iliwaokoa wengi. Lakini waliinywa bila ya kujua inapigana na nini. Miaka ishirini baadaye Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao ya serikali yao, na mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam, yenye bandari ya maji marefu. Homa haikuwaacha huko pia.

Katika mji huo wa Dar es Salaam alifika Robert Koch mwaka 1897. Alikuwa mganga mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani, aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, naye alikuwa ametoka Bara Hindi alikokwenda kuchunguza tauni. Alichunguza damu za wagonjwa wa malaria kwa hadubini siku baada ya siku. Kisha alipata habari ambayo, kwa maoni yangu, ina thamani kama kazi yake yote ya kioo. Katika taarifa zake zilizochapishwa mwaka 1898 alieleza kwamba watu wa milima ya Usambara, ambako homa ilikuwa nadra, walijua kwamba wakishuka tambarare wataugua. Walisema kwamba huko chini wako wadudu wawaumao, waitwao mbu. Na ugonjwa wenyewe waliupa jina hilo hilo la mbu. Mdudu na maradhi vilikuwa na jina moja.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Watu wa Usambara hawakuwa na hadubini, wala hawakujua kwamba damu ina chembe. Hata hivyo walikuwa wamekifunga katika neno moja kile ambacho vyuo vya Ulaya vilikuwa vikikibishania wakati ule ule. Burton aliposikia maneno kama hayo alisema ni itikadi. Koch, baada ya miaka arobaini, aliyaandika kuwa ushahidi. Tofauti yao haikuwa akili, kwani wote wawili walikuwa na akili nyingi. Tofauti ilikuwa kwamba katika miaka hiyo arobaini kitu kimeonekana ndani ya damu, na kitu hicho kilikuwa kimefanya tendo ambalo halikuelezeka bila ya mbu. Tendo hilo ndilo lile la kuota mkia.

Ili tulifahamu, tuanze na amiba. Amiba ni kiumbe cha seli moja ambacho hakina umbo la kudumu. Hunyoosha sehemu ya mwili wake mbele, kisha mwili uliobaki hutiririka kuifuata. Ndivyo kitambaavyo, na ndivyo kizungukavyo chakula chake na kukimeza. Seli nyingine za maji zina mjeledi mmoja au zaidi, yaani uzi mwembamba unaopiga na kuisukuma seli mbele. Wataalamu wa karne ya 19 walipenda kuvipanga viumbe hivi katika makundi mawili yasiyochanganyika: vitambaavyo huku, viogeleavyo kule. Lakini mwaka 1899 Franz Schardinger wa Vienna alieleza habari za amiba mmoja aliyevunja mpango huo, ambaye sasa huitwa Naegleria gruberi. Kiumbe huyu hutambaa na kula bakteria kama amiba wengine. Lakini akihamishiwa katika maji yasiyo na chakula, kwa muda wa saa moja hivi au kuzidi kidogo huacha kutambaa, huwa mviringo, kisha mwili wake hurefuka, naye huota mijeledi, kwa kawaida miwili, akaogelea upesi. Katika hali hiyo hali chakula wala hajigawi. Baadaye mijeledi hupotea, naye huwa amiba tena.

Wataalamu waliomchunguza Naegleria tangu miaka ya 1960, na hasa Chandler Fulton wa Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, walionyesha jambo la kustaajabisha. Mijeledi ile haikuwa imekunjwa mahali fulani ndani ya mwili ikingoja kukunjuliwa. Seli huijenga upya kabisa: hutengeneza protini za kuijengea, hutengeneza hata shina la kuisimamishia, kitu ambacho amiba hakuwa nacho kabla. Kwa hiyo tusiseme kwamba amiba huvua nguo na kuvaa nyingine. Ni kama fundi aliyefika ufukweni hana chombo, akakata mbao na kuunda ngalawa papo hapo kwa kuwa njia ya miguu imekwisha.

Kijidudu cha malaria si ndugu wa karibu wa Naegleria, wala wataalamu wa leo hawakihesabu kuwa amiba. Lakini waliokiona mwanzo walikifananisha na amiba kwa haki, kwa sababu kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hubadili umbo lake na kunyoosha vidole vyake, na Waitaliano wawili, Grassi na Feletti, walikipa mwaka 1890 jina la jenasi lenye maana ya amiba wa damu. Nacho pia, kama tutakavyoona, hujenga mijeledi yake upya pale tu njia yake ya kwanza inapokatika.

Wa kwanza kuiona mijeledi hiyo alikuwa Alphonse Laveran, mganga wa jeshi la Ufaransa, katika mji wa Constantine nchini Algeria, tarehe 6 Novemba 1880. Alikuwa akitazama damu ya askari mgonjwa wa homa. Wengine kabla yake walikuwa wameona punje nyeusi katika damu ya wagonjwa kama hao, wakadhani ni takataka za ugonjwa. Laveran alitazama kwa subira, na ghafla akaona kwamba kutoka ukingoni mwa duara moja lenye punje nyeusi zimetoka nyuzi nyembamba, zikipigapiga kwa nguvu hata chembe za damu zilizo jirani zikasukumwa. Hapo alijua kwamba anachokitazama ni kiumbe hai. Takataka haiogelei.

Wengi hawakumsadiki. Na hata baada ya kukubali kwamba kijidudu kipo, walibishana juu ya nyuzi. Wataalamu wa Italia, ambao walikuwa hodari kuliko wote katika elimu ya malaria wakati huo, walisema kwamba nyuzi zile ni dalili za kukata roho: damu imetoka mwilini, imepoa juu ya kioo, kijidudu kinakufa, na mijeledi ile ni mtukutiko wa mauti. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Walikuwa wameona, na wameona sawasawa, kwamba nyuzi hazionekani katika damu mara itokapo mwilini. Huonekana baada ya dakika kadhaa. Kosa lao lilikuwa katika kulifasiri jambo waliloliona. Walidhani kitokacho katika mwili wa mtu kinakwenda kufa, kwa kuwa hawakufikiri kwamba huenda kina mahali pengine pa kwenda.

Patrick Manson huko London ndiye aliyeigeuza hoja. Mwaka 1894 alisema hivi kwa muhtasari: ikiwa nyuzi hutokea baada ya damu kutoka mwilini, basi kazi yake imo nje ya mwili, na kitu gani huichukua damu nje ya mwili kila usiku, isipokuwa mdudu anyonyaye? Katika mengine Manson alikosea. Alidhani nyuzi zile ni mbegu, na kwamba mbu hufa majini kisha watu wakanywa maji hayo. Lakini swali lake lilikuwa sahihi, na swali sahihi humfikisha mtu mbali hata kama jibu la kwanza ni kombo.

Mwaka 1897 ulileta majibu mawili. William MacCallum, mwanafunzi wa uganga katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alitazama damu ya kunguru wenye kijidudu kinachofanana na cha malaria. Aliona kwamba mjeledi hukatika, huogelea peke yake, hulifikia duara jingine lisilo na nyuzi, huliingia na kupotea ndani yake. Na duara lile baada ya muda hurefuka na kwenda. Basi nyuzi zile hazikuwa mbegu wala mtukutiko wa mauti. Zilikuwa madume yakiwatafuta majike. Na tarehe 20 Agosti mwaka huo huo, mjini Secunderabad katika Bara Hindi, Ronald Ross aliona katika ukuta wa tumbo la mbu chembe zenye zile punje nyeusi za malaria. Mwaka uliofuata alikamilisha njia yote ya kijidudu kwa ndege na mbu wao, na Waitaliano Grassi, Bignami na Bastianelli wakaikamilisha kwa binadamu na mbu wa jenasi ya Anopheles. Ndiyo miezi ile ile ambayo Koch alikuwa Dar es Salaam na kuandika neno mbu katika taarifa yake.

Sasa tueleze tendo lenyewe kama lijulikanavyo leo. Katika kijidudu kiuacho zaidi, Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kilichoenea katika pwani yetu, wengi wa vijidudu huingia chembe nyekundu, hula, hujigawa, huipasua chembe, na kuingia nyingine. Mpasuko huo ndio uletao homa na baridi ya kutetemeka. Lakini wachache huiacha njia hiyo. Hawajigawi. Hukua polepole kwa muda wa siku 10 hadi 12, mara nyingi wakiwa wamejificha katika uboho wa mifupa, kisha hutoka katika damu wakiwa na umbo la hilali, yaani mwezi mwandamo. Hilali hizi, dume na jike, hazimletei mtu homa. Huzunguka katika damu yake kimya, siku nyingi, zikingoja.

Mbu jike aina ya Anopheles akimnyonya mtu huyo, mambo hubadilika mara moja. Damu hupoa, kwani tumbo la mbu halina joto la mwili wa binadamu; na ndani yake mna kemikali ya mbu mwenyewe ambayo hilali huitambua kama ishara. Hilali huwa duara na kuivunja chembe iliyoihifadhi. Dume hunakili urithi wake mara tatu mfululizo, hata unakuwa wa watoto 8; wakati huo huo hujenga ndani ya mwili wake mashina na mijeledi 8, ambayo haikuwapo hapo awali. Baada ya dakika 10 hadi 20 mijeledi hiyo huchomoza kwa nguvu, kila mmoja na urithi wake, ikaogelea kuwatafuta majike. Aliyoyaona Laveran juu ya kioo yalikuwa haya haya: baridi ya kioo na hewa ilikuwa imekidanganya kijidudu, kikadhani kimekwisha fika katika tumbo la mbu. Majike yakipata madume, kwa muda wa siku moja huzaliwa kiumbe kiendacho, kikatoboa ukuta wa tumbo la mbu na kutua huko. Baada ya siku nyingine kama 10 hadi 14 vijidudu vipya maelfu huwa vimefika katika mate ya mbu, tayari kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mjeledi huonekana mara moja tu katika maisha ya kijidudu, nao huonekana kivukoni, baina ya mtu na mbu. Atakayetazama ndani ya mtu peke yake hatauona. Na hapa ndipo elimu hii inapogusa tena historia ya pwani yetu.

Mwaka 1901, kwa kufuata mawazo ya Koch, daktari Ollwig alianza kazi kubwa mjini Dar es Salaam. Wakazi walichunguzwa damu, na aliyeonekana ana vijidudu alipewa kwinini, hata kama hakulalamika kwa homa. Hoja ya Koch ilikuwa na nguvu. Alisema kwamba mbu huipata malaria kwa mtu; basi watu wote wakisafishwa damu zao, mbu watakuwa wengi lakini hawatakuwa na kitu cha kuchukua. Kwa wakati wake lilikuwa wazo la kuona mbali, maana halikumtazama mgonjwa tu, lilimtazama na mzima aliyebeba ugonjwa asijue. Wagonjwa wengi walisaidiwa. Hata hivyo malaria haikung'olewa katika mji ule.

Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuzifanya moja. Watu wa mji wa biashara huingia na kutoka. Mitumbwi na misafara ilileta kila siku damu ambazo hazijachunguzwa. Dawa za wakoloni hazikupendwa na kila mtu, na mtu asiyeumwa huona taabu kunywa uchungu. Mabwawa ya mbu yalikuwa mengi, na katika pwani hii wako hata mbu wa Anopheles wazaao katika maji yenye chumvi. Lakini sababu moja ilikuwa ndani ya kijidudu chenyewe. Kwinini huviua vijidudu vinavyojigawa, na hivyo huondoa homa; bali hilali iliyokomaa ya falciparum haifi kwa kwinini. Mtu aliyekwisha kunywa dawa, akapona, akarudi kazini akishukuru, aliweza kwa siku nyingi bado kumpa mbu hilali zake. Dawa ilikuwa imeua askari na kuacha wajumbe.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu lina funzo juu ya namna tunavyohesabu ushindi. Hospitali huhesabu homa zilizoshuka, nayo hufanya vema. Lakini homa ni habari za mtu mmoja. Malaria ni habari za watu wawili na mbu. Jina la Usambara, mbu kwa mdudu na mbu kwa maradhi, lilikuwa na busara hiyo tangu mwanzo: halikuuweka ugonjwa ndani ya mgonjwa peke yake.

Baadaye dawa ya hilali ilipatikana. Katika miaka ya 1920 Wajerumani walitengeneza plasmokini, dawa ya kwanza ya maabara iliyoweza kuiua hilali, ingawa ilikuwa na madhara. Ndugu yake primakwini ilifuata, na mwaka 1912 ungalikuwa mbali kama mtu angeliota habari zake. Kwani ilikuwa mwaka 2012 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilishauri dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, iongezwe katika matibabu ya falciparum mahali panapotakiwa kukomesha maambukizo. Dozi hiyo haimponyi anywaye, maana dawa nyingine zimekwisha kumponya. Humlinda jirani yake.

Bagamoyo nayo imerudi katika sura hii kwa heshima nyingine. Mji ambao wageni waliuogopa kwa homa zake una kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya ya Ifakara. Huko watoto wachanga 340 walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Kisha Bagamoyo na Korogwe vikawa vituo viwili vya Tanzania katika jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 7 za Afrika. Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo kwa watoto mwaka 2021, na mwaka 2023 likaikubali ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na mahali pengine. Wazazi wa Bagamoyo waliokubali watoto wao wachomwe sindano walifanya kazi ya elimu, ingawa majina yao hayamo katika vitabu.

Chanjo hizo mbili hukilinda kivuko kimoja, cha kutoka kwa mbu kuja kwa mtu. Kivuko cha pili, cha kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu, ndicho cha mijeledi, na bado kinatafutiwa mlinzi. Wataalamu wamekwisha kuwajaribia watu, hasa nchini Mali, chanjo za namna mpya. Mtu huchanjwa, damu yake ikatengeneza kinga dhidi ya dume na jike wa kijidudu. Mbu akimnyonya, huinyonya na kinga hiyo, nayo huwazuia madume na majike wasikutane katika tumbo la mbu. Chanjo kama hiyo haitamzuilia aliyechanjwa homa hata moja. Faida yake yote itakuwa ya watu wengine, wale wanaolala karibu naye.

Hapo ndipo elimu ya seli moja inapotuuliza swali ambalo si la maabara. Je, mtu atakubali kuchomwa sindano kwa ajili ya jirani? Koch na Ollwig walikutana na swali hilo mwaka 1901, walipompa mtu mzima kwinini chungu kwa faida ya mji, nao walilijibu kwa amri ya serikali ya kigeni. Sisi twapaswa kulijibu kwa maelezo. Na anayetaka kueleza hana budi kwanza kukijua kivuko: kwamba mtu asiye na homa aweza kubeba hilali, kwamba hilali hiyo hailali milele, bali hungoja kupoa kwa damu, na kwamba kwa robo saa, katika tumbo la mdudu mdogo, kiumbe kilichoonekana hakina miguu wala mkono hujiundia mkia na kwenda zake.

Basi mwanafunzi wa historia aendaye Bagamoyo asiishie kutazama magofu ya Kaole na nyumba za mawe. Aende na kwenye makaburi, asome miaka ya waliolala humo. Kisha jioni ikiingia, wenyeji wanaposhusha vyandarua, alikumbuke neno la watu wa Usambara. Walikosa hadubini, lakini walitazama mahali palipostahili kutazamwa.